Kibweta cha mninga: kuunda, kuchonga nakshi na kupiga misumari ya shaba

Ukiona kibweta ambacho kifuniko chake hakilali sawa, vanishi imeganda kuzunguka misumari na nakshi ina mabaka ya gundi, ujue kazi ilifanywa kinyumenyume. Misumari ilitangulia vanishi, nakshi ilichongwa baada ya kuunganisha, na kifuniko kiliundwa peke yake kwa matumaini kwamba kitalingana na sanduku. Maelezo haya yanafuata mpangilio mwingine: unachonga ubao wa juu ukiwa bado mezani, unagundisha sanduku likiwa limefungwa pande zote sita, halafu ndipo unalipasua kwa msumeno kupata kifuniko. Misumari ya shaba inakuja mwisho kabisa.

Mfano wetu ni kasha la pwani, lile la Zanzibar na Lamu lenye safu za misumari ya shaba usoni, ila limepunguzwa liwe la kukaa juu ya meza ya kujipambia. Makasha makubwa yalisafiri sana katika biashara ya Bahari ya Hindi, mengine yakitoka Surat na Bombay, mengine Ghuba. Kibweta chetu kwa nje kina urefu wa mm 240, upana mm 160 na kimo mm 120. Mbao zote ni za unene wa mm 12.

Kuchagua na kutuliza mbao

Mninga ndio mbao nzuri kuliko zote kwa kazi hii. Ukikauka hautanuki wala kusinyaa sana, unachongeka bila kugomba, na rangi yake ya kahawia inayoelekea wekundu inapendeza na shaba. Mkangazi pia unafaa, ingawa nyuzi zake hupishana na randa isiyo na makali itazing'oa badala ya kuzikata. Msaji una mafuta yake ya asili, kwa hiyo sehemu za kugundisha zifutwe kwa spiriti dakika chache kabla ya gundi, la sivyo kiungo kitaachia. Mvule una vumbi linalowasha pua na ngozi, na mara nyingine hubeba ndani yake chembe ngumu kama jiwe ambazo hung'oa makali ya patasi kwa pigo moja. Mpingo uache kwanza. Paini ni ya kujifunzia kukata viungo tu. Kwenye nakshi nyuzi zake laini hupondeka badala ya kukatika. Mbao yoyote utakayotumia, vaa barakoa wakati wa kupiga msasa.

Nunua kipande cha inchi mbili kwa sita chenye urefu wa sm 60, kisicho na fundo, kisha uombe karakana wakipasue vipande vitatu kwa unene. Kila kimoja kitatoka na karibu mm 14, na randa itakifikisha mm 12. Pima upana kabla ya kulipa, kwa maana mbili kwa sita ya dukani mara nyingi ni pungufu. Baada ya kunyoosha kingo unahitaji ubaki na mm 143 kamili kwa ajili ya ubao wa juu. Ukibaki na pungufu, punguza upana wa kibweta kizima, usiunge vipande.

Mbao iliyopasuliwa leo usiitumie leo. Ndani ilikuwa na unyevu tofauti na nje, na sasa upande mmoja umefunguliwa. Itapinda ndani ya siku mbili tatu. Vipange vipande kivulini, kila kimoja kikitenganishwa na mwenzake kwa vijiti vinavyolingana unene, juu weka tofali. Kila siku ya tatu pima kipande kimoja kwa mizani ya jikoni. Uzito ukikaa palepale mara mbili mfululizo, mbao imetulia. Kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili, na wakati wa masika zaidi. Hapo ndipo upige randa hadi mm 12.

Vipimo vya kukata

Kwenye kipande cha kwanza kata ubavu mrefu wa mm 240 × 120, na jirani yake ubavu mfupi wa mm 152 × 120. Fanya vivyo hivyo kwenye kipande cha pili. Ukiviandika namba kwa penseli kufuata mpangilio huo, michirizi ya mbao itapinda kona pamoja na sanduku badala ya kukatika kila pembe. Kipande cha tatu kinatoa ubao wa juu, mm 225 × 143, nyuzi zikienda kwa urefu. Chini weka plaiwudi ya mm 4, yenye mm 225 × 145.

Bavu fupi ni mm 152, ingawa upana wa nje ni 160, kwa sababu zinaingia kwenye ngazi iliyokatwa ncha za bavu ndefu. Ngazi hiyo ina upana wa mm 12 na kina cha mm 8, na inaacha mdomo mwembamba wa mm 4 unaofunika ncha ya ubavu mfupi.

Anza na mifuo, yaani mifereji myembamba ya kupokea plaiwudi na ubao wa juu, si ngazi. Kila ubavu una mifuo miwili upande wa ndani, yote ya upana wa mm 4 na kina cha mm 5. Mfuo wa chini unaanza mm 6 kutoka ukingo wa chini. Wa juu unaanza mm 8 kutoka ukingo wa juu. Ipitishe moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Haitaonekana nje, maana ngazi ina kina kuliko mfuo, na mdomo wa mm 4 unaziba kila kitu. Mwenye karakana yenye msumeno wa meza atakumalizia yote minane kwa muda mfupi. Kwa mkono, kata mistari miwili kwa kisu na rula ya chuma, bana mti ulionyooka kando ya mstari uwe reli ya msumeno, pasua pande zote mbili hadi mm 5, kisha toa uchafu wa kati kwa juba (patasi nyembamba ya kuchimbia) ya mm 4. Tia alama ya kina kwenye msumeno kwa kipande cha selotepu.

Sasa ngazi. Usipime mm 12 kwa rula. Simamisha ubavu mfupi wenyewe juu ya ncha ya ubavu mrefu, linganisha kingo, kisha chora kwa kisu. Randa ya mkono huacha tofauti za nusu milimita, na nusu milimita kwenye kona nne inatosha kufanya sanduku lisikae mezani. Tumia guni (kipimo cha pembe mraba) kuhakikisha mstari umenyooka, kata kwa msumeno wa meno madogo hadi mm 8, halafu ondoa mbao iliyobaki kwa patasi pana, kidogo kidogo, ukienda kutoka pande zote mbili kuelekea katikati. Kosa la kawaida hapa ni tamaa: pigo kubwa la nyundo hufuata nyuzi, huzama chini ya mstari, na ule mdomo unabaki mm 2 unaovunjika wakati wa kubana.

Ubao wa juu unahitaji maelezo zaidi kidogo. Punguza upande wake wa juu kuzunguka kingo zote nne, upana wa mm 5 na kina cha mm 8, ubaki na ulimi wa mm 4 utakaoingia kwenye mfuo wa juu. Ukishawekwa, uso wake utakuwa sawa na kingo za bavu, na kutakuwa na ufa mwembamba wa mm 1.5 kila upande wa urefu. Ufa huo si kosa. Mbao hutanuka kwa upana wake msimu wa mvua na kusinyaa kiangazi, na ubao wa sm 14 uliogundishwa kila upande hauna pa kwenda: ama utapasuka katikati, ama utasukuma kona zifunguke. Ndiyo sababu ya makasha mengi ya bei rahisi kuwa na ufa juu ya kifuniko.

Nakshi, ubao ukiwa bado mezani

Kwa mara ya kwanza chonga waridi moja la petali sita, linalochorwa kwa bikari peke yake. Tafuta kitovu cha ubao kwa kuunganisha kona kwa mistari miwili ya ulalo. Fungua bikari mm 45, chora duara. Bila kubadilisha kipimo, weka ncha popote juu ya duara na uchore tao linalopita kwenye kitovu na kukata duara sehemu mbili. Hamia kwenye moja ya sehemu hizo, rudia. Baada ya mara sita una petali sita, kila moja ikiwa na upana wa mm 12 katikati. Kama tao la mwisho haliangukii pale ulipoanzia, bikari imelegea. Futa uanze upya, kwa kuwa jicho huliona kosa hilo haraka kuliko unavyodhani. Fungua bikari mm 50 uongeze duara la nje ili waridi liwe na fremu.

Kila petali ina mstari wa mgongo unaotoka kitovuni hadi ncha. Ukate kwanza wima kwa kisu au patasi, kina cha mm 3 katikati ya petali na kupungua hadi sifuri kwenye ncha. Kisha, kutoka kila ukingo wa petali, shusha patasi kwa mlalo hadi kwenye mkato huo. Mbao itatoka kwa ukanda mwembamba, na petali itabaki kama bonde lenye pande mbili. Kata kwa awamu tatu au nne, na kila awamu irudie kwanza mkato wa wima.

Upande mmoja wa petali utakatika laini kama sabuni na mwingine utachanika. Hapo unakata dhidi ya nyuzi. Geuza ubao uanze kutoka ncha nyingine ya petali, wala usiongeze nguvu. Ikichanika hata hivyo, makali yamekwisha: noa. Patasi inayofaa nakshi hukata ncha ya mbao laini bila kuiponda, na kwa mninga utahitaji kuipitisha kwenye ngozi au jiwe laini kila baada ya petali mbili.

Usifikishe petali kitovuni. Pale zinapokutana, vipembe vya mbao vinavyobaki kati yake havina nyuzi za kuvishika na vitadondoka. Simama mm 3 kabla. Kitovu kitafunikwa na msumari mmoja wa shaba.

Baada ya kuchonga, piga msasa sehemu tambarare tu. Msasa ukiingia ndani ya petali hula ule ukali wa kingo unaoipa nakshi kivuli chake. Kisha paka ulimi na kingo za ubao shelaki (mpako wa kung'arisha unaoyeyuka kwa spiriti) au vanishi utakayotumia mwishoni, ukikwepa katikati ya kila ncha fupi, pale patakapotiwa gundi. Ukiacha, kiangazi ubao utasinyaa na kuonyesha mstari mweupe usiopakwa.

Kugundisha

Panga kila kitu bila gundi kwanza. Piga msasa nyuso za ndani sasa hivi, namba 120, 180 kisha 240, maana baadaye hakuna mkono utakaofika kwenye pembe. Kama utapaka shelaki ndani, paka sasa, ukikwepa kabisa sehemu za kiungo, kwani gundi haishiki juu ya shelaki.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Kwenye joto la pwani una dakika kama tano kabla haijaanza kushika, kwa hiyo weka kila kitu karibu. Paka kwenye ngazi na ncha za bavu fupi. Plaiwudi iingie kavu. Ubao wa juu upate tone moja tu katikati ya kila ncha fupi, ili ubaki katikati huku ukiwa huru kutanuka pande zote mbili.

Kama huna jiriwa (vibanio) za kutosha, kata tyubu kuukuu ya baiskeli kwa mikanda ya sm 2 na uizungushe sanduku mara kadhaa ukiivuta. Inabana kona zote nne kwa pamoja. Papo hapo pima ulalo wa nje: kutoka kona hadi kona ni mm 288, na vipimo viwili lazima vilingane. Ulalo mmoja ukizidi, sukuma kona zake ndefu kwa viganja hadi vilingane. Gundi iliyochuruzika usiifute kwa kitambaa chenye maji. Maji huisambaza kwenye vinyweleo vya mbao, na baadaye pale patakataa vanishi na kubaki na baka la kijivu. Ngoja nusu saa igeuke kama mpira, kisha uikwangue kwa patasi.

Kesho yake imarisha kona kwa vijiti vya mishikaki vya mm 3. Toboa kutoka uso wa ubavu mrefu, mm 6 kutoka ncha, kina cha mm 20: tundu la kwanza mm 24 kutoka juu, la pili mm 58, la tatu mm 95. Vipimo hivi vinakwepa mifuo yote miwili na njia ya msumeno. Tia gundi, gongomea, kata sawa na uso. Msumari wa chuma usitumie hata mmoja.

Kupasua kifuniko

Chora mstari kuzunguka sanduku, mm 38 kutoka juu, kwa mahati (kifaa cha kuchorea mstari sambamba na ukingo) au kwa penseli iliyobanwa juu ya kipande cha mbao. Ukate kwa kisu hadi mm 1. Anza kupasua bavu fupi mbili hadi ndani, kisha uchomeke kwenye njia ya msumeno vipande vya kadibodi vyenye unene uleule na uzungushe utepe. Bila vipande hivyo njia hujifunga, msumeno hubanwa, na mwisho wa mkato humeguka. Malizia bavu ndefu.

Mkato utakuwa na mawimbi, usihangaike. Gundisha msasa namba 120 juu ya kioo tambarare, na usugue kinywa cha sanduku kwa mizunguko, halafu cha kifuniko. Chora penseli kwenye kingo zote kwanza: alama zikifutika zote, umefika. Tia alama ya mbele, kwani kifuniko kitalingana upande mmoja tu.

Bawaba za shaba za inchi moja zikae mm 35 kutoka kila ncha. Chimba kila kitanda kwa kina sawa na nusu ya unene wa bawaba ikiwa imefungwa. Ukichimba zaidi, mbao za nyuma zitagusana kabla ya mbele na kifuniko hakitafunga. Likitokea hilo, weka kipande cha kadi chini ya bawaba. Skrubu za shaba hukatika kirahisi ndani ya mninga, na kuitoa iliyokatika ni mateso. Toboa mm 1.5, pitisha kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule, itoe, ndipo uingize ya shaba iliyopakwa sabuni. Zikikaa vizuri, zitoe zote tena.

Vanishi kwanza, shaba baadaye

Piga msasa nje hadi 240, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu ili nyuzi zisimame, acha ikauke, piga 240 kidogo tena. Mipako mitatu myembamba ya shelaki, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine, kisha nta ya nyuki, inatosha. Mafuta ya kitani pia yanapendeza, lakini vitambaa vilivyolowa mafuta hayo huweza kuwaka vyenyewe vikikunjwa pamoja. Vianike kimoja kimoja nje. Mafuta ya kupikia yasikaribie, pamoja na ya nazi. Huvunda.

Misumari tunayotumia ni ile ya kichwa cha kofia ya kupigia makochi, kichwa cha mm 8. Nenda dukani na sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hewa ya bahari itaitoa kutu ndani ya msimu mmoja. Nunua mia moja. Utatumia themanini, iliyobaki ni ya kupinda. Ioshe kwa ndimu na majivu, suuza, kausha, na kuanzia hapo ishike kwa glavu nyembamba, maana jasho la vidole huacha alama za kahawia.

Mguu wa msumari wa makochi una mm 12 au zaidi, na ukuta wetu ni mm 12, ila penye mfuo umebaki mm 7. Kata kila mguu kwa koleo ubaki mm 6. Ndiyo, ni kazi ya kuchosha. Mbadala wake ni ncha za misumari zinazokwaruza vidole vya mtu kila anapotafuta hereni.

Uso wa mbele wa sanduku, baada ya msumeno, una kimo cha karibu mm 80. Chora kwenye karatasi safu ya mpaka: mm 12 kutoka kila upande, mm 10 kutoka juu na chini, misumari ikipishana mm 12 kutoka kitovu hadi kitovu. Hiyo ni misumari 19 juu, 19 chini, na minne ya kati kila upande, jumla 46. Ndani ya mpaka weka mawaridi mawili ya misumari saba, vitovu vyake vikiwa mm 66 kutoka kila ncha na katikati ya kimo: mmoja katikati, sita kuizunguka kwa bikari ya mm 12. Kifuniko kinapata safu moja ya 19 katikati ya kimo chake. Jumla 79, na wa themanini ni wa kitovu cha nakshi. Nafasi ya katikati ya uso iachie komeo au kitasa.

Bandika karatasi kwa selotepu, choma kila alama kwa msumari mkali, ondoa karatasi. Kwa mguu wa mm 1.5 toboa tundu la mm 1.2; ukikosa kekee nyembamba hivyo, msumari mwembamba uliokatwa kichwa ukafungwa kwenye drili hufanya kazi hiyohiyo. Usijaribu kupiga bila kutoboa: misumari 19 kwenye mstari mmoja wa nyuzi ni kabari 19. Tia tone dogo la epoksi kwenye tundu, ingiza, na gonga kupitia kipande cha mti laini chenye kidimbwi kidogo cha kupokea kofia. Nyundo tupu huibonyeza kofia, na haiinuki tena. Anza na misumari ya kona, kisha ya katikati ya kila safu, halafu jaza. Kosa dogo la nafasi litagawanyika badala ya kurundikana mwishoni.

Rudisha bawaba, funga komeo, bandika vipande vinne vya ngozi chini. Kama kibweta ni cha udi, ubani au vito, shelaki ya ndani haina neno. Kama ni cha marashi ya chupa yenye spiriti, ndani uache mbao tupu, kwa kuwa tone moja likimwagika huyeyusha shelaki, na chupa itaganda humo kama imegundishwa.